Mhudumu wa Wodi Si Boi wa Mtu

Mwananchi aingiapo hospitali asubuhi kumwona mgonjwa wake hukuta sakafu imepigwa deki, mashuka yametandikwa, ndoo za taka zimemwagwa na harufu ya dawa imeenea kotekote. Huuliza kama daktari amekwisha kupita, huuliza muuguzi wa zamu ni nani, kisha huketi kando ya kitanda. Ni nadra sana aulize ni nani aliyemwosha mgonjwa huyo alfajiri, ni nani aliyembadilishia shuka lililolowa, na ni nani aliyemsukuma kwenye machela usiku wa manane kutoka mapokezi hadi wodini. Mtu huyo yupo. Pengine wakati huo yuko nyuma ya jengo akisukuma kitoroli cha taka kwenda kwenye tanuri, au anavua glavu zilizotoboka ili arudi nyumbani alale saa chache kabla ya zamu nyingine. Huyo ndiye mhudumu wa wodi.

Katika orodha ya watumishi wa hospitali jina lake huwa chini kabisa. Katika hotuba za sherehe hutajwa mwisho, akitajwa. Lakini mtu akitaka kujua kama hospitali fulani inaponya au inaua, yafaa aanze kwa kumtazama mhudumu huyo: amevaa nini mikononi, amefundishwa nini, anaitwaje na wakubwa wake, na nani humjali siku anapochomwa na sindano. Hospitali inayomdharau mhudumu wake inawadharau wagonjwa wake, hata kama ina mashine za mamilioni ya fedha.

Kwanza yafaa ieleweke kazi yenyewe ni ipi, kwa maana wengi hudhani ni kufagia tu. Mhudumu humnyanyua mgonjwa asiyeweza kujinyanyua, na kumnyanyua mtu mzima asiyejiweza bila kumtonesha kidonda wala kuung'oa mpira wa dripu ni kazi inayotaka maarifa. Humgeuza mgonjwa aliyepooza, kwa kawaida kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya kulalia. Vidonda hivyo vikichimbika hufika hadi mfupani na huweza kumwua mtu ambaye ugonjwa wake wa asili usingemwua. Hupeleka bedpani na kuiondoa. Hulisha wasioweza kujilisha. Hupeleka damu na mkojo maabara na kurudi na majibu. Hufua au hukusanya mashuka yenye damu. Katika wodi ya wazazi huondoa kondo la nyuma na kusafisha kitanda kabla mzazi mwingine hajapanda. Na mgonjwa akifariki dunia, mara nyingi mhudumu ndiye humfumba macho, humnyosha viungo, humfunika na kumsindikiza hadi chumba cha maiti, mara nyingine usiku, akiwa peke yake.

Ipo pia sehemu ya kazi hiyo isiyoandikwa katika barua yoyote ya ajira. Mzee aliyezoea kuheshimiwa na ukoo mzima hujikuta siku moja amelala uchi mbele ya kijana asiyemjua, hawezi hata kujipangusa. Aibu humshika, naye humwambia kijana yule, "Mwanangu, niache tu, nitangoja watu wangu." Mhudumu mwema hujibu kwa sauti ya chini, "Baba, mimi pia ni mwanao," kisha huvuta pazia na kuendelea na kazi yake bila kumwangalia usoni. Hakuna dawa iliyomo katika stoo ya hospitali inayoweza kurudisha heshima ya mzee yule kama maneno hayo machache. Mwenye kuifanya kazi hiyo vyema anahifadhi utu wa binadamu pale ambapo unapotea kwa urahisi kuliko mahali pengine popote.

Basi dharau hii ilitoka wapi? Ina historia yake. Wakati wa ukoloni huduma za hospitali katika Tanganyika zilitolewa kwa rangi ya mtu. Mjini Dar es Salaam Wazungu walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road, kando ya bahari, iliyojengwa na Wajerumani. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyopatikana kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji mwishoni mwa karne ya 19. Mnamo mwaka 1956 ndipo ilipofunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru iliitwa Muhimbili. Katika hospitali hizo zote Mwafrika alionekana wodini tangu mwanzo. Lakini alionekana kama dresa wa kufunga vidonda, au kama boi wa wodi. Mtu mzima mwenye mke na watoto, anayeheshimiwa kwao, akiingia kazini aliitwa boi, kama vile umri wake ulibaki langoni.

Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Kwa hiyo Mwafrika aliyekuwa na nafasi ya kumgusa mgonjwa wa Kiafrika, kumwosha, kumfariji na kumfafanulia maneno ya daktari mgeni, kwa sehemu kubwa alikuwa dresa, muuguzi na mhudumu. Wao ndio waliobeba mzigo. Baadaye vyuo vya madaktari na wauguzi viliongezeka, vituo vya afya vikaenea vijijini, na nchi ikajivunia, kwa haki kabisa, mabingwa wake yenyewe. Lakini lile jina la boi, ingawa limeondoka midomoni mwa wengi, halijaondoka vichwani. Limebadilishwa sauti tu. Leo mhudumu huitwa "wewe wa ndoo", au hupigiwa mluzi, au huagizwa chai na mtu ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Kasumba haiondoki kwa kubadili bendera. Huondoka kwa kubadili mazoea ya kila siku.

Hapa walimu wanahusika moja kwa moja. Katika madarasa mengi ya nchi hii husikika onyo hili kwa mtoto mvivu: "Usiposoma, utaishia kubeba bedpani hospitali." Mwalimu asemaye hivyo hana nia mbaya, anataka mtoto ajitahidi. Lakini afikiri kidogo. Katika darasa la watoto 50 au zaidi anaweza kuwamo mmoja ambaye mama yake alitoka zamu ya usiku asubuhi ile ile, na kwa mshahara wa kubeba bedpani akamnunulia daftari aliloliweka juu ya dawati. Mtoto yule amefundishwa nini siku hiyo? Amefundishwa kumwonea haya mama yake. Na wenziwe wamefundishwa kwamba kuna kazi zinazofanywa na watu na kazi zinazofanywa na walioshindwa kuwa watu. Hati ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwezi Machi 1967, ilikemea elimu ya namna hiyo hiyo: elimu inayomfanya aliyesoma aidharau kazi ya mikono na awadharau waifanyao. Zaidi ya nusu karne imepita, na somo hilo bado halijakwisha.

Zaidi ya hayo, onyo lile ni uongo. Linamfanya mtoto aamini kwamba elimu haihitajiki katika kazi ya mhudumu. Ukweli ni kinyume chake, na historia ya tiba yenyewe ndiyo inayoshuhudia.

Mwaka 1847, katika mji wa Vienna huko Austria, daktari mmoja Mhungaria, Ignaz Semmelweis, alihangaishwa na vifo vya wazazi katika wodi yake. Mwezi Aprili mwaka huo, katika kila wazazi 100 walioingia wodini humo, 18 walikufa kwa homa ya uzazi. Semmelweis aligundua kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini. Kufikia mwezi Juni vifo vilishuka hadi karibu wazazi 2 katika kila 100. Hakutumia mashine, hakutumia dawa ya kumeza, wala hakutumia kisu. Alitumia beseni. Na madaktari wengi wa zama zake walimkataa, kwa kuwa hawakupenda kuambiwa kwamba mikono ya mabwana wakubwa nayo ni michafu.

Klorini hiyo hiyo ndiyo iliyomo leo katika ndoo ya mhudumu wa wodi. Damu ikimwagika sakafuni hutakiwa kumwagiwa maji yenye nguvu ya klorini ya asilimia 0.5, na yaachwe dakika kama 10 kabla ya kupanguswa. Ikiwa dawa iliyonunuliwa ina nguvu ya asilimia 3.5, kipimo ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Dawa ikizidi maji, huunguza mikono na kukausha koo la mhudumu. Maji yakizidi dawa, sakafu hung'aa na vijidudu hubaki hai. Hiyo ni hesabu, na ni sayansi. Mhudumu asiyefundishwa hukadiria kwa macho, nayo maisha ya mgonjwa wa kitanda cha pili huwa yamekadiriwa kwa macho vilevile.

Kuna jambo jingine zito kuliko sakafu, nalo ni sindano. Daktari humchoma mgonjwa sindano akiwa anaiona. Mhudumu huchomwa na sindano asiyoiona, iliyoachwa ndani ya shuka, iliyotupwa katika ndoo ya maganda ya machungwa, au iliyochomoza kwenye kisanduku kilichojaa kupita kiasi. Visanduku vya taka zenye ncha kali hutakiwa kufungwa na kuondolewa vinapofika robo tatu. Kila anayeshindilia sindano moja zaidi huhamishia hatari mikononi mwa mwenzake. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu ni mbaya kuliko ule wa shambani. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, hatari ya kuambukizwa huweza kufika hadi 30 katika 100. Kwa virusi vya ukimwi hatari hiyo ni ndogo, takriban 3 katika 1,000, na aliyechomwa huweza kukingwa kwa dawa akizianza mapema, kabla ya saa 72 kupita. Lakini dawa hizo humfaa anayejua kwamba zipo, anayejua pa kwenda, na asiyeogopa kukaripiwa kwa kuchomwa.

Chanjo ya homa ya ini ipo. Kwa mtu mzima ni sindano 3 zinazotolewa katika muda wa kama miezi 6. Swali ambalo kila ofisa wa afya yampasa ajiulize ni jepesi: wahudumu na wasafishaji wote walio chini yake wamekwisha kuzipata zote tatu? Ikiwa hana jibu, basi jibu ni hapana.

Watakaoona kwamba mambo haya yametiwa chumvi na waangalie yaliyowapata majirani. Mwaka 1976, katika hospitali ndogo ya misheni huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, wauguzi walikabidhiwa mabomba ya sindano 5 kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku nzima. Sindano zilisuuzwa tu kwa maji baina ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ugonjwa wa Ebola, ambao dunia ilikuwa bado haijaujua kwa jina, ukapitia katika sindano hizo. Watu 318 waliugua, na 280 walikufa. Katika watumishi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Mwaka 1995 ugonjwa huo ulizuka tena katika mji wa Kikwit, katika nchi hiyo hiyo. Waliougua walikuwa 315, na miongoni mwao watumishi wa afya walikuwa 80, yaani mtu mmoja katika kila wanne. Glavu, barakoa na aproni zilipofika na kutumiwa kwa utaratibu, maambukizo ndani ya hospitali yalipungua sana.

Mwaka 2000 ikawa zamu ya Uganda. Mjini Gulu na katika wilaya nyingine watu 425 waliugua na 224 walikufa. Katika hospitali ya Lacor watumishi zaidi ya 10 walikufa, akiwamo Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiongoza mapambano yale. Usiku mmoja aliitwa kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu. Aliinuka, akaenda, akafanya kwa mikono yake mwenyewe kazi ambayo watu wengi huiita ya kijungujiko: kumnyanyua mgonjwa na kumsafisha. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Msomi yule aliyekuwa na shahada zake hakuona kwamba kazi ya mhudumu ilikuwa chini yake. Ni vizuri wanaokaa ofisini wakalikumbuka hilo kabla ya kupiga mluzi.

Halafu likaja janga la Ebola la Afrika Magharibi, la mwaka 2014 hadi 2016, lililoua watu zaidi ya 11,000. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtumishi wa afya alikuwa katika hatari ya kuambukizwa mara 21 hadi 32 kuliko mtu mzima wa kawaida, na katika hesabu ya walioambukizwa walikuwamo wasafishaji na wafanyakazi wengine wa mikono. Na Tanzania yenyewe haikusalimika na magonjwa ya jamii hiyo. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia mkoani Kagera, na mwaka 2025 ukatokea tena katika mkoa huo huo. Kwa hiyo glavu ya mhudumu wa Bukoba si jambo la Bukoba peke yake. Ni ukuta wa mpaka wa nchi nzima, na mhudumu ndiye askari aliyesimama mbele ya ukuta huo.

Ikiwa ni askari, silaha zake ziko wapi? Hapa ndipo jambo hili linapoingia katika meza za watumishi wa serikali. Katika ofisi nyingi, fedha za matumizi zinapopungua, kitu cha kwanza kukatwa ni sabuni, glavu nzito, mabuti ya mpira na dawa ya klorini. Hukatwa kwa sababu anayevitumia hayupo katika kikao kinachokata. Posho za safari hutetewa kwa sauti kubwa. Mabuti hayana msemaji. Ofisa mwenye kalamu nyekundu hafikirii kwamba anaua mtu. Anafikiri anabana matumizi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: glavu iliyookolewa leo hulipwa kesho kwa dawa za mgonjwa aliyeambukizwa wodini, kwa siku alizoongezewa kitandani, na kwa mtumishi aliyelazwa badala ya kuwa kazini.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na hatari za kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumfidia anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake. Lakini sheria ni kama dawa katika kabati. Haimponyi mtu mpaka mtu afungue kabati. Mhudumu aliyechomwa na sindano ambaye tukio lake halikuandikwa popote hana ushahidi, na asiye na ushahidi hana fidia. Daftari la matukio lenye kurasa tupu halina maana kwamba hakuna aliyechomwa. Yaelekea zaidi kwamba hakuna aliyethubutu kusema.

Tangu miaka ya 1990 umezidi pia mtindo wa kukabidhi kazi za usafi kwa makampuni yaliyoshinda zabuni. Mtindo huo una hoja zake, na katika jengo la ofisi huenda hauna madhara makubwa. Wodi si ofisi. Kampuni inayotaka faida katika bei ndogo haina pa kuipatia ila katika mshahara wa msafishaji, katika mafunzo yake na katika glavu zake. Msafishaji aliyeajiriwa wiki iliyopita na atakayeondoka mwezi ujao hajui chombo kipi ni cha taka za kawaida na kipi ni cha taka za hatari. Na akichomwa, hospitali humwambia aende kwa kampuni, na kampuni humwambia aende hospitali. Mkataba wa namna hiyo ukisainiwa, aliyeusaini hawezi kunawa mikono na kusema kwamba mtu yule si mtumishi wake. Anafanya kazi katika wodi ya umma, juu ya damu ya wananchi.

Hapana budi kusema pia upande wa pili, kwa kuwa mtetezi anayeficha makosa ya anayemtetea hamsaidii. Wapo wahudumu wanaowatukana wagonjwa. Wapo wanaomwacha mgonjwa amelowa mpaka ndugu zake watoe "chai". Wapo wanaoiba mashuka na sabuni, na wapo wanaofika zamu ya usiku wakiwa wamelewa na kulala katika kitanda cha mgonjwa. Wananchi wanayajua haya, na wana haki ya kukasirika. Anayefanya hivyo anamnyonya mnyonge mwenzake katika saa yake ya udhaifu mkubwa, na kwake nidhamu haina budi ichukue mkondo wake bila kupepesa.

Lakini isisahauliwe kwamba dharau huzaa dharau. Mtu anayekemewa mchana kutwa mbele za watu, asiyejulikana jina lake, anayefanya kazi miaka 20 katika daraja lile lile huku vijana aliowaelekeza njia ya kwenda maabara wakipanda vyeo, ni rahisi mno kupata wa kumtolea uchungu wake, naye ni mgonjwa. Umaskini haumhalalishii mtu wizi. Lakini uongozi unaomtaka mhudumu awe na utu lazima nao umtendee kama mtu. Nidhamu na heshima huenda pamoja, na anayedai moja bila kutoa nyingine hupata zote mbili nusu nusu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliujenga msingi wake juu ya usawa wa binadamu, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukawakemea viongozi wenye majivuno na ubabe mbele ya walio chini yao. Wodi ni mahali pa kupimia maneno hayo.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja msaada kutoka ng'ambo. La kwanza, kila anayegusa mgonjwa, shuka au taka za hospitali, awe mwajiriwa wa serikali au wa kampuni, apate mafunzo kabla hajakabidhiwa ndoo, na mafunzo hayo yawe ya Kiswahili chepesi na ya vitendo: kunawa, kuchanganya klorini, kutenga taka, kumnyanyua na kumgeuza mgonjwa. La pili, chanjo ya homa ya ini iwe sharti la mwajiri, na orodha ya waliochanjwa ibandikwe mahali ambapo mkaguzi ataiona. La tatu, glavu nzito, aproni na mabuti yahesabiwe pamoja na dawa muhimu, yasihesabiwe pamoja na mapambo ya ofisi. La nne, kila sindano iliyomchoma mtu iandikwe siku ile ile, bila kumkaripia, na atibiwe siku ile ile. La tano, muundo wa utumishi umpe mhudumu mwenye bidii njia ya kusonga mbele, ili anayetaka kusomea uuguzi aweze, na anayependa kubaki katika kazi yake apandishwe daraja kwa ustadi wake. La sita halina gharama hata senti moja: aitwe kwa jina lake, Ndugu fulani, Mama fulani, kama watumishi wengine wote.

Hapo itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba hazitoshi. Lakini hazijapata kutosha wakati wowote, na bado kila mwaka hupatikana fedha kwa kile kinachoonekana kuwa muhimu. Kwa hiyo tatizo la kwanza ni la kuona. Ofisa wa mipango akae wodini usiku mmoja tu, kuanzia saa mbili hadi alfajiri. Amfuate mhudumu anavyopita kitanda kwa kitanda, ahesabu mara ngapi amenyanyua, mara ngapi amefuta damu, na ni jozi ngapi za glavu alizonazo. Asubuhi arudi mezani kwake aiangalie tena bajeti yake. Wala hatahitaji kuhutubiwa.

Na mwalimu, siku nyingine atakapotaka kumwonya mtoto mvivu, atafute mfano mwingine. Bora zaidi, amwalike darasani mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu awaonyeshe watoto namna ya kunawa mikono na awaeleze kwa nini. Mtoto wa mhudumu aliyemo darasani atainua uso, na wenziwe watakuwa wamejifunza mawili kwa mpigo.

Cheo ni dhamana, na afya ni dhamana iliyo ya muda mfupi zaidi. Mkurugenzi, mwalimu mkuu, ofisa utumishi na mwenye kalamu nyekundu, kila mmoja wao huenda siku moja akalala chali katika kitanda cha wodi, asiweze kufika msalani kwa miguu yake. Daktari atapita asubuhi kwa dakika chache. Muuguzi atakuja na dawa kwa saa zake. Saa tisa za usiku, mtu atakayesikia akiita atakuwa mhudumu. Ni heri kuanza kumheshimu sasa, wakati bado hajaitwa.